Kazi Ikiongezwa, na Siku Zihesabiwe

Mto Mirongo si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi maji yake huwa haba, na mgeni apitaye Mabatini aweza kuudhani kuwa ni mfereji tu wa mji. Lakini mvua kubwa ikinyesha, maji ya vilima vya Mwanza, ambavyo sehemu kubwa ni majabali matupu yasiyonywa maji, huteremka yote kwa pamoja, na mto uliokuwa kimya hugeuka adui wa nyumba, maduka na barabara. Watu wa Mabatini wayajua hayo kuliko sisi tuyaandikayo. Ndiyo sababu TANROADS iliamua kulijenga upya daraja la Mabatini katika Barabara ya Nyerere, na mwenzake la Mkuyuni katika Barabara ya Kenyatta, ili maji yapate njia pana zaidi ya kupita.

Hatukusudii leo kueleza habari za daraja hilo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi karibu na kazi ya namna ile, iwe daraja, barabara, shule au zahanati, analijua swali linaloulizwa kila siku: itakwisha lini? Huliuliza mama muuza samaki ambaye wateja wake wamezuiwa na uzio wa mabati. Huliuliza dereva wa daladala, na mzazi ambaye mtoto wake hulazimika kuzunguka mbali kwenda shule. Jibu wapewalo mara nyingi ni maneno mawili: kazi imeongezeka.

Jibu hilo laweza kuwa kweli kabisa. Shida ni kwamba ni nusu ya jibu. Imeongezeka kwa kiasi gani? Nani aliyeiongeza, na siku gani? Na yule aliyeiongeza, aliipa siku ngapi? Jambo hili twataka kulizungumza leo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa twaona linakula mali ya umma na subira ya watu, nalo hutajwa mara chache, ila pale lawama zinapokuwa zimekwisha kuanza.

Tuanze kwa kuwatetea wajenzi. Wako watu wanaofikiri ya kuwa kila badiliko katika kazi ni dalili ya wizi au ya uzembe. Fikira hiyo si ya haki. Mwenye kuchimba katika vilima vya Mwanza hajui kwa yakini atakutana na nini chini ya ardhi mpaka sururu iguse. Mchoro waweza kuonyesha mtaro wenye kina cha mita moja na nusu. Mchimbaji akafika nusu mita akakuta jabali kubwa kama nyumba. Hapo hana ila njia tatu: alipasue jabali, apandishe mtaro, au azunguke. Kila njia ni badiliko, na kila badiliko lina gharama yake na siku zake.

Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, ilipopeleka mabomba membamba ya majitaka katika makazi ya vilimani, Mabatini ikiwa mojawapo, kazi ilikuwa ni kupitisha bomba baina ya nyumba zilizojengwa pasipo ramani, juu ya mawe, katika vichochoro ambamo gari haliwezi kuingia. Mahali kama hapo saruji, mchanga na kokoto havina budi kupandishwa kwa mabega ya watu. Njia ya bomba hutegemea mwamba, na tena hutegemea radhi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba mmoja akikataa, bomba huhama. Bomba likihama, mteremko wake hubadilika. Mteremko ukibadilika, hata shimo la ukaguzi lililochorwa mahali fulani hapana budi lihamishwe. Mhandisi aketiye ofisini hawezi kuyajua yote hayo mapema, hata awe hodari namna gani. Basi badiliko si dhambi. Twalaumu kitu kingine, nacho ni badiliko linaloingia kazini kimyakimya na kuiacha ratiba ya zamani ikining'inia ukutani kana kwamba hakuna lililotokea.

Ratiba ya ujenzi si orodha ya tarehe tu. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand, walitunga namna ya kuipanga kazi kubwa ambayo hata leo ndiyo msingi wa programu za kompyuta watumiazo wahandisi wetu. Jambo walilolionyesha laweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Katika kila ujenzi kuna mnyororo mmoja wa kazi, kila moja ikiingoja mwenzake: ukuta wangoja msingi, paa langoja ukuta, lipu yangoja paa. Mnyororo ulio mrefu kuliko yote ndio unaoamua siku ya kumaliza. Ukichelewesha kazi moja ya mnyororo huo kwa juma moja, jengo zima limechelewa juma moja. Lakini ziko kazi nyingine zilizo nje ya mnyororo, zenye nafasi ya kupumua. Hizo zaweza kuchelewa kidogo na hakuna atakayeona. Mtu asiyejua kazi ipi imo katika mnyororo na ipi haimo, hawezi kusema kweli juu ya badiliko lolote.

Tutoe mfano, na msomaji atuwie radhi kwa hesabu. Tuseme mtaa umepata fedha za kujenga zahanati ndogo, na kazi yaanza tarehe 1 Juni. Msingi umepewa majuma 5, kuta majuma 7, paa majuma 4, lipu na sakafu na milango majuma 6, umeme na maji na rangi majuma 4. Jumla ni majuma 26, yaani kazi yatakiwa iishe tarehe 30 Novemba. Aliyeipanga ratiba hii si mjinga. Amehesabu ya kuwa paa litakuwa limefungwa tarehe 21 Septemba, kabla ya mvua za vuli ambazo huku kwetu huanza Oktoba. Mvua ikija itawakuta mafundi wakifanya kazi ndani, chini ya bati.

Sasa, katika juma la kumi, yaani karibu na tarehe 10 Agosti, inaamuliwa kwamba zahanati iongezwe chumba cha kujifungulia akina mama, kiwe nyuma ya jengo, chini ya paa lile lile. Hapana mtu mwenye moyo atakayekikataa chumba hicho. Mchoro wake wachukua majuma mawili, msingi wake majuma matatu, kuta zake majuma matatu. Kwa hiyo kuta zote, za zamani na mpya, zakamilika tarehe 5 Oktoba badala ya 24 Agosti. Paa, lililokuwa lijengwe Septemba katika jua, sasa lajengwa Oktoba katika mvua. Tukisema mvua imeiba majuma mawili tu, na chumba kipya chahitaji juma moja zaidi la lipu na rangi, zahanati haitaisha tena katika majuma 26, bali katika majuma 35. Chumba kimoja kimeisukuma kazi majuma tisa mbele, mpaka mwanzo wa Februari.

Chumba hicho hicho kingaliagizwa katika juma la kwanza la Juni, msingi ukiwa bado wachimbwa, msingi ungaliongezewa juma moja, kuta juma moja, na umaliziaji juma moja. Paa lingalifungwa tarehe 5 Oktoba, mvua ikiwa ndiyo kwanza yabisha hodi. Majuma matatu tu. Tofauti ya majuma sita haitokani na ukubwa wa chumba wala na uvivu wa fundi. Imetokana na siku lilipotoka agizo.

Na hata Agosti hiyo palikuwa na njia nyingine, laiti mtu angaliketi na ratiba kabla ya kutoa amri. Chumba cha akina mama kingaliweza kujengwa kama jengo dogo la peke yake, lenye paa lake na mafundi wake, na zahanati kubwa ikafunguliwa tarehe 30 Novemba kama ilivyoahidiwa. Labda ingaligharimu zaidi kidogo kwa mabati na mbao za kenchi. Lakini wagonjwa wangalitibiwa ndani ya Desemba. Uchaguzi huo haupewi watu kwa sababu hakuna anayejua ya kuwa upo, na hakuna anayejua kwa sababu ratiba haikufunguliwa.

Tuongeze jambo moja katika mfano wetu. Tuseme katika Agosti hiyo hiyo yaagizwa pia kwamba uzio wa waya ubadilishwe uwe wa tofali, na kwamba kazi yake iwe majuma 8 badala ya 5. Uzio haumo katika mnyororo mrefu. Waweza kujengwa wakati wowote mafundi wengine wakiwa ndani. Kwa badiliko hili mkandarasi anastahili kuongezewa fedha, wala hastahili kuongezewa hata siku moja. Hapa ndipo wengi hudanganyika, wenye mali na wakandarasi kadhalika. Wadhani fedha na siku ni hesabu moja. Ni hesabu mbili. Kuna mabadiliko yanayogharimu fedha nyingi wala hayaigusi tarehe. Na kuna mabadiliko ya bei ya kopo la rangi, kama kubadilisha aina ya milango iliyokwisha kuagizwa kutoka mbali, ambayo huweza kuisimamisha kazi yote kwa mwezi.

Mambo haya si ya nchi changa peke yake, na wala tusijidharau. Jumba la opera la Sydney, huko Australia, ambalo picha yake yajulikana duniani kote, lilianza kujengwa mwaka 1959 na ilikusudiwa liishe Januari 1963. Michoro ya paa ilikuwa haijakamilika wakati msingi ulipoanza kumwagwa, kwa sababu wakubwa wa kule walikuwa na haraka ya kuonyesha kazi. Paa lilipokwisha kuchorwa likaonekana ni zito kuliko nguzo zilizojengwa, nazo nguzo zikabomolewa na kujengwa nyingine. Baadaye, jengo likiwa limekwisha kusimama, ikaamuliwa ya kuwa ukumbi mkubwa uliokusudiwa kwa michezo ya opera na muziki pamoja uwe wa muziki peke yake. Mitambo ya jukwaa iliyokuwa imekwisha kufungwa ikang'olewa. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alijiuzulu mwaka 1966 na hakurudi kuliona. Lilifunguliwa Oktoba 1973, miaka kumi baada ya tarehe ya kwanza, kwa gharama ya dola milioni 102 za Australia badala ya milioni 7. Ni jengo zuri mno, na leo hakuna alijutiaye. Lakini Mabatini haina dola milioni 95 za kulipia mafunzo ya namna hiyo.

Turudi ziwani kwetu. Kuna mabadiliko ambayo hayakuagizwa na mtu yeyote. Katika Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda mpaka kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964, na watu wa mialo na bandari kandokando ya ziwa lote waliona gati na nyumba zikimezwa. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Februari 2020, ilikuwa imeanza kazi ya Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya maji pamoja na barabara unganishi za kilometa 1.66, kazi ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Mwaka huo huo ndio uliokuwa mwaka wa ugonjwa wa korona, uliofunga mipaka na viwanda vya dunia. Daraja lilikusudiwa liishe Februari 2024. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan, nalo laitwa sasa Daraja la J. P. Magufuli.

Hatusemi kwamba miezi hiyo kumi na sita ilitokana na nyongeza za kazi. Tunalitaja daraja hilo kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi mtu wa Sengerema aliyetaka kufika Bugando na mgonjwa wake alikingoja kivuko. Mtu huyo alipoambiwa Februari 2024, alipanga maisha yake kwa tarehe hiyo: mmoja alinunua kiwanja, mwingine alikopa fedha za basi dogo, mwingine aliahirisha kuhama. Tarehe ikisogea, kila mmoja wao hulipa gharama ambayo haimo katika mkataba wala katika hesabu za serikali. Kwa hiyo tarehe mpya ni haki yao kama ilivyokuwa ile ya kwanza. Na yafaa waambiwe siku ile ijulikanapo, si siku ile ile ya zamani inapowadia bila dalili ya kazi kwisha.

Basi ifanyweje? Wenye ujuzi walikwisha kujibu zamani. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lililoundwa mwaka 1913, lilitoa mwaka 1957 kitabu cha masharti ya mikataba ya ujenzi, nacho kimeandikwa upya mara kadhaa tangu hapo. Kazi kubwa nyingi za nchi yetu zimejengwa kwa masharti hayo au yanayofanana nayo. Katika matoleo yake ya 1999 na 2017 imewekwa kanuni inayowaudhi wakandarasi wengi lakini ambayo sisi twaiona ni ya haki: mkandarasi anayeona ya kuwa jambo fulani litamchelewesha hupewa siku 28 za kutoa taarifa kwa maandishi, tangu alipolijua au alipopaswa kulijua. Akinyamaza mpaka siku hizo zipite, hupoteza haki ya kudai. Maana ya kanuni hiyo si kumtega mkandarasi. Maana yake ni kumwezesha mwenye kazi achague wakati bado ana nafasi ya kuchagua: aliendeleze badiliko, alipunguze, aliahirishe, au aliache.

Kanuni ina upande wa pili, ambao wenye kazi hawapendi kuukumbuka. Katika sheria za mikataba tulizozirithi kutoka Uingereza, mwenye kazi anayemchelewesha mkandarasi kwa mabadiliko yake mwenyewe, kisha akakataa kumwongezea muda, aweza kuipoteza haki yake ya kumtoza fidia ya kuchelewa. Tarehe ya mwisho huwa imekufa, na mkandarasi hudaiwa tu kumaliza katika muda wa kiasi. Kwa hiyo ofisi inayodhani yajionyesha kuwa kali kwa kukataa nyongeza ya muda huenda yajikata mkono wake yenyewe. Kumwongezea mkandarasi siku anazostahili si fadhila, ni njia ya kuiweka tarehe hai.

Tatizo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni agizo la mdomo. Sote tumeliona likitolewa. Mkubwa azuru mahali pa kazi, ufuatano wa magari ni mrefu, watu wamekusanyika. Aonyesha kidole: hapa ongezeni chumba, pale badilisheni mfereji, na lile lango liwe kubwa zaidi. Watu wapiga makofi, naye aondoka. Yule mhandisi msimamizi, ambaye ndiye pekee mwenye mamlaka katika mkataba ya kutoa hati ya badiliko, hathubutu kusema kwamba agizo hilo litagharimu siku arobaini. Mkandarasi hathubutu kulikataa. Kazi yafanyika pasipo hati. Baada ya mwaka mzima mkandarasi adai malipo, na mhasibu auliza: hati iko wapi? Haiko. Malipo yanakwama, riba inaanza kupanda, vibarua hawajalipwa, na kazi yasimama. Yule mkubwa amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine.

Hatuwaambii viongozi wasizuru kazi wala wasiseme waonayo. Macho ya kiongozi yameokoa majengo mengi. Twaomba tu kwamba neno la kiongozi liwe ombi kwa mhandisi na si amri kwa fundi, na kwamba mhandisi apewe siku saba za kurudisha jibu lenye hesabu mbili: fedha kiasi gani, siku ngapi. Kiongozi akikubali zote mbili, hati itiwe sahihi na ratiba mpya ibandikwe. Akiona siku ni nyingi mno, alirudishe nyuma agizo lake pasipo aibu.

Nao wakandarasi tusiwaache hivi hivi. Wako wanaofurahi kuona mabadiliko, kwa kuwa mabadiliko huficha uvivu. Amechelewa majuma matano kwa sababu mtambo wake wa zege ulikuwa mbovu. Litokeapo badiliko la majuma mawili, adai saba. Dawa ya jambo hili ni daftari la kazi la kila siku: mafundi wangapi walikuja, mtambo upi ulifanya kazi, mvua ilinyesha saa ngapi, kulikuwa na mifuko mingapi ya saruji. Daftari hilo likitiwa sahihi na pande zote mbili kila jioni, ubishi mwingi hufa kabla ya kuzaliwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku ni mali vilevile. Twajua mkandarasi mdogo wa hapa nyumbani mara nyingi ni fundi hodari asiyependa karatasi. Tunamhurumia, lakini hatuwezi kumficha ukweli: asiyeandika hulipwa kidogo kuliko kazi aliyoifanya, na wageni wanaomshinda katika zabuni kubwa humshinda kwa karatasi kabla ya kumshinda kwa mitambo.

Kuna namna nyingine ya ujenzi ambayo haina mkandarasi wala mhandisi mshauri wa kudumu, nayo ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya madarasa yetu katika miaka hii. Mwishoni mwa 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa kupambana na athari za korona, na darasa moja la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20. Fedha zilipelekwa shuleni, kamati za watu zikanunua vifaa na kuwaajiri mafundi wa mitaani. Lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini katika kazi ya namna hii nyongeza haiji na fungu lake. Kamati ikiamua kwamba madarasa mawili yaongezewe ofisi ya mwalimu katikati, milioni arobaini zabaki kuwa arobaini. Ofisi lazima ilipwe na kitu kingine, nacho mara nyingi ni sakafu, au lipu ya nje, au mfereji wa kuondoa maji ya mvua. Katika mji wenye miteremko kama Mwanza, darasa lisilo na mfereji huliwa msingi na mvua chache za masika.

Kamati haihitaji kompyuta kwa hili. Yahitaji karatasi moja iliyobandikwa katika mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, yenye kazi zote kwa mpangilio, kila moja na juma lake la kuanza na la kwisha. Mjumbe akisimama kikaoni kupendekeza nyongeza, mwenyekiti amwite mbele ya karatasi ile na kumwuliza: utaiweka wapi? Na utaondoa nini? Mapendekezo mengi mazuri yatapita salama katika mtihani huo. Mengine yatangoja awamu ya pili, na hakuna ubaya katika kungoja awamu ya pili.

Limebaki jambo la ubao. Kila kazi ya umma yenye heshima husimamisha ubao kando ya njia, wenye jina la mradi, mwenye kazi, mkandarasi, mshauri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tumepita mbele ya mbao nyingi za namna hiyo katika mkoa huu na mikoa jirani. Tumeona mbao ambazo tarehe yake ya kumaliza ilipita mwaka mzima, mashine zikiwa bado zanguruma nyuma yake, na kwenye ubao mmoja mtu alikuwa ameifuta tarehe hiyo kwa tope. Twapendekeza kwa halmashauri na kwa wakala zote za ujenzi sharti moja lisilo na gharama: siku ile inapotiwa sahihi hati ya nyongeza ya muda, fundi wa rangi apande ngazi, aache tarehe ya kwanza ionekane, na chini yake aandike tarehe mpya pamoja na sababu yake kwa maneno matano au sita, kama vile "mwamba umekutwa" au "njia ya maji imepanuliwa". Yule mama muuza samaki ataisoma anapopanga meza yake asubuhi, na akitaka kubisha, atakuwa na kitu cha kubishia.